Bibi wa Feruzi

Katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, jijini London, yumo sfinksi mdogo wa jiwe la mchanga. Si wa kulinganishwa na yule wa Giza. Huyu hatimizi hata sentimita 25 kwa urefu, na ungeweza kumpakata kama paka. Aliyemchonga hakuwa fundi wa ikulu, maana mwili ni mzito na mistari haikunyooka. Lakini begani ana hieroglifi za Kimisri zinazosema kuwa yeye ni mpendwa wa Hathor, Bibi wa Feruzi. Chini yake, ubavuni mwa kitako alichokalia, kuna maandishi mengine yaliyokwaruzwa. Kwa mbali yanafanana na hieroglifi, ila karani yeyote wa Farao angeyatazama asielewe kitu.

Maandishi hayo ya pili ni ya ukoo wa herufi unazosoma sasa hivi.

Sfinksi huyu alikuwa sadaka. Mtu fulani, zaidi ya miaka 3,500 iliyopita, alimpeleka hekaluni mlimani, akamweka mbele ya mungu wa kike aliyemwomba kwa majina mawili. Mara nyingi tunasimuliwa kwamba uandishi ni mtoto wa hesabu na kodi: makarani walihitaji kukumbuka nani anadaiwa magunia mangapi. Kwa baadhi ya nchi ndivyo ilivyokuwa. Ila alfabeti, ile tuliyofundishwa sote tukiwa wadogo, inapoonekana kwa mara za kwanza imebebwa mikononi mwa watu waliokwenda kutoa sadaka.

Mlima wenyewe unaitwa Serabit el-Khadim, kusini-magharibi mwa Rasi ya Sinai. Ni uwanda wa mawe ulioinuka juu ya mabonde makavu, mahali pasipo mto wala shamba. Misafara ya Wamisri ilitoka bonde la Nile ikiwa na punda, maji na unga, ikasafiri siku nyingi jangwani, kisha ikapanda. Walichokifuata ni feruzi, jiwe la buluu iliyochanganyika na kijani, ambalo wao waliliita mefkat. Kwao hiyo ilikuwa rangi ya majani machanga na ya uhai unaorudi, ndiyo maana waliitia katika mikufu ya wafalme na katika vito vya maiti.

Mwenye mlima alikuwa Hathor. Wamisri walimchora kama ng'ombe, au kama mwanamke mwenye pembe za ng'ombe na duara la jua katikati yake. Alikuwa bibi wa ngoma, mapenzi, uzazi na ulevi. Tena alikuwa mlinzi wa waliokwenda mbali: huko Byblos, katika pwani ya Lebanoni ya leo, aliitwa Bibi wa Byblos, huko Punt, nchi ya ubani iliyofikiwa kwa Bahari ya Shamu, aliitwa Bibi wa Punt. Na Sinai alikuwa Bibi wa Feruzi. Hekalu lake lilianza wakati wa nasaba ya 12, karibu miaka 1,900 kabla ya Kristo, kwenye pango lililochongwa mwambani. Kila mfalme aliyekuja aliongeza ukumbi au ua mbele ya ule wa aliyemtangulia, hata jengo likarefuka kama treni. Wa mwisho kuacha jina lake hapo ni Ramesses VI, katika karne ya 12 KK.

Kati ya waliopanda mlima huo, mmoja hasahauliki. Aliitwa Harwerre, mtunza muhuri wa mungu, na alitumwa na Farao Amenemhat III mnamo mwaka wa 6 wa utawala wake. Kalenda ya Wamisri ilikuwa na siku 365 kamili bila mwaka mrefu, kwa hiyo miezi ilikuwa ikiteleza taratibu, na mwezi ulioitwa wa majira ya baridi ukaweza kuangukia katikati ya joto. Ndivyo ilivyomkuta Harwerre. Alifika Sinai wakati ambao, kwa desturi ya wachimbaji, haufai kabisa kutafuta feruzi. Milima ilikuwa ikiunguza ngozi za watu kama chuma cha moto, na wazee wa machimbo walimwambia kuwa jiwe lipo siku zote, lakini majira hayo rangi yake haishiki.

Hakurudi. Katika bamba la jiwe alilolisimamisha mlimani anasimulia jinsi alivyotia moyo watu wake, jinsi kazi ilivyokwenda, na jinsi alivyoondoka na mzigo mkubwa kuliko ulioagizwa, jeshi lake likiwa kamili bila mtu kupotea. Kisha anawageukia watakaokuja baada yake na kuwapa siri ya mafanikio yake kwa maneno ya mtu aliyeiona faida kwa macho: mpeni sadaka Bibi wa mbingu, mtulizeni Hathor, zidisheni kuliko mlivyozoea, itawafaa wenyewe.

Sasa, sadaka yenyewe ilikuwa nini?

Kwanza ilikuwa mkate. Kila alfajiri, katika hekalu la Kimisri, kuhani alivunja muhuri wa udongo kwenye mlango wa chumba cha ndani, akafungua, akafukiza ubani, akaisafisha sanamu, akaivika nguo na kuipaka mafuta. Halafu kikaandaliwa chakula: mikate ya maumbo mbalimbali, bia, nyama ya ng'ombe, bata na bukini, vitunguu, matunda, maziwa na maua. Mungu alikula ule uhai uliomo ndani ya chakula, na chakula chenyewe kikabaki. Kwa hiyo kilirudishwa: kutoka madhabahuni kikaenda mbele ya sanamu nyingine, na mwisho kikagawiwa makuhani na watumishi, ambao walikibeba nyumbani kwa watoto wao. Mkate mmoja uliweza kumlisha mungu asubuhi na familia ya mfua nguo wa hekalu jioni. Mfumo huo uliwalisha maelfu ya watu kwa karne nyingi, na haukuwa na siri yoyote. Ulikuwa sehemu ya malipo yao.

Neno la Kimisri kwa sadaka hiyo ni hetep. Linaandikwa kwa picha ya jamvi lililotandikwa, na juu yake mkate mmoja. Basi. Mtu akiiona alama hiyo anaona mahali pa kula. Lakini neno hilohilo, kwa picha hiyohiyo, lina maana ya kuridhika, kutulia, kuwa na amani. Sisi tuna sadaka na tuna radhi, maneno mawili yanayokwenda pamoja. Wamisri walikuwa nalo moja tu. Jina la mfalme Amenhotep maana yake Amun ameridhika. Imhotep, mjenzi mashuhuri wa piramidi ya ngazi huko Saqqara, jina lake ni ajaye kwa amani. Na ndani ya majina hayo yote mawili, ukitazama jiwe, kuna jamvi na mkate.

Mkate unaonekana pia mahali pengine usipoutarajia. Hieroglifi zina alama za kila aina, zaidi ya 700 katika lugha ya enzi ya Amenemhat. Nyingine zinasimamia kitu kinachochorwa. Nyingine zinasimamia sauti tu. Nyingine hazitamkwi kabisa, zimewekwa mwisho wa neno kumwonyesha msomaji kama neno linahusu mtu, nyumba, mti au jambo lisiloonekana. Kati ya alama za sauti, ile ya t ni nusu duara ndogo: boflo dogo lililolala juu ya sakafu. Na katika Kimisri t ndiyo dalili ya jinsia ya kike. Kaka ni sen, dada ni senet, na tofauti yao kwenye jiwe ni mkate huo.

Kwa sababu hiyo majina ya miungu wa kike yamejaa mikate. Isis, ambaye Wamisri walimwita Aset, anaandikwa kwa kiti cha enzi na mkate. Sekhmet, simba jike wa vita na maradhi, anaandikwa kwa fimbo ya mamlaka na mkate. Bastet wa paka ana chupa ya marashi na mkate. Hathor ana namna yake: ni ramani ya nyumba yenye ndege kozi ndani, kwa kuwa Hut-Hor ni nyumba ya Horus, na Horus ni kozi. Karani mwanafunzi alipokuwa akijifunza majina haya alikuwa, pasipo kuhama pale alipo, akichora vyombo vya hekalu kimoja baada ya kingine.

Hapa ndipo uandishi na sadaka vinapokuwa kitu kimoja. Kwenye mamia ya mabamba ya Misri limechongwa dua moja inayoanza na maneno hetep di nesu, sadaka aitoayo mfalme. Mfalme anampa mungu, na mungu naye anampa mja wake: mikate elfu, bia elfu, ng'ombe na ndege, nguo na marashi. Elfu inaandikwa kwa mmea wa yungiyungi. Bia ni mtungi. Ng'ombe ni kichwa cha ng'ombe chenye pembe. Ndege ni kichwa cha ndege. Sadaka ya namna hiyo iliitwa kutoka kwa sauti, kwa sababu ilitosha mtu kuitamka. Mkate uliookwa jana utaoza kesho kutwa, lakini mkate wa jiwe unasubiri, na kila apitaye akiusoma kwa sauti unakuwa mbichi tena. Mabamba mengi yanamwomba mpita njia jambo hilo waziwazi: sema tu, pumzi ya kinywa haigharimu kitu, nayo inamfaa aliyekufa.

Pamoja na mkate, Hathor alipenda bia. Kisa chake kiko katika maandishi yanayoitwa Kitabu cha Ng'ombe wa Mbinguni, ambayo nakala zake zimo katika kaburi la Seti I na kwenye mojawapo ya makasha ya dhahabu ya Tutankhamun. Jua, mungu Ra, amezeeka, na watu wanamfanyia hila. Anamtuma Hathor, Jicho lake, kuwaadhibu. Hathor anashuka kama simba, anaua, na damu inamnogea. Ra anaingiwa na huruma kabla watu hawajaisha wote. Anaagiza udongo mwekundu kutoka Elephantine, unachanganywa na bia, mitungi 7,000, na usiku bia hiyo inamwagwa mashambani. Alfajiri mungu anakuja kumalizia kazi, anaona uwanda mwekundu kama damu, anainama, anakunywa, analewa, anawasahau watu. Tangu hapo kukawa na sikukuu ya ulevi, ambapo watu walikunywa hekaluni mpaka wakalala, kisha wakaamshwa kwa ngoma.

Ukikijua kisa hicho, zile sanamu za vipara vya Hathor zinaacha kuwa kichekesho. Ni sanamu za watumishi wake walionyolewa vichwa, wamekaa chini, kiganja kimoja kikiwa kimesogezwa mdomoni. Maandishi yao yanawaambia wanawake wanaopita: nipakeni mafuta kipara changu, nitieni bia mkononi, nami nitawafikishia maombi yenu kwa Bibi. Walikaa kwenye milango ya mahekalu kama wapambe wa kumfikia mkubwa. Mwanamke mwenye haja ya mtoto hakuruhusiwa kufika chumba cha ndani, lakini kipara cha jiwe alikifikia.

Na haja zilikuwa nyingi. Huko Deir el-Bahari, ng'ambo ya Nile kutoka Luxor, wachimbuaji walikuta marundo ya sadaka za watu wa kawaida ambazo makuhani walikuwa wakizifagia na kuzitupa kila nafasi ilipojaa. Walikuta vibamba vya ng'ombe, shanga, macho na masikio ya kuchongwa ili Bibi aone na asikie, na vitambaa vya kitani vilivyochorwa familia ikiwa imesimama mbele ya ng'ombe mtakatifu. Wengi wa waliotoa vitu hivyo hawakujua kusoma. Aliyejiweza alimlipa karani amtilie jina. Asiyejiweza alitoa kitu chake kitupu, bila neno.

Turudi mlimani Sinai, maana huko walikuwapo watu wa aina ya tatu.

Misafara ya Amenemhat III haikuwa ya Wamisri peke yao. Orodha zilizochongwa kwenye mawe zinataja Waasia, yaani watu wa Kanaani na majirani zake, waliokuwa wakisema lugha ya ukoo mmoja na Kiarabu na Kiebrania. Siku hizi ni vigumu kushikilia dhana ya zamani kwamba wote walikuwa watumwa wa machimboni. Mmoja wao, Khebded, anatajwa mara kadhaa kama ndugu wa mkuu wa Retjenu, nchi ya Kanaani na Shamu. Mtu wa ngazi hiyo haendi kubeba kokoto. Michoro ya hapo inaonyesha mgeni mwenye cheo akiwa juu ya punda, na watumishi mbele na nyuma yake.

Wafikirie watu hao wakisimama uani mwa hekalu. Mbele yao kuna mabamba marefu kuliko mtu, yameandikwa pande zote. Mungu anayeabudiwa pale si mgeni kwao. Kwao anaitwa Baalat, Bibi, jina lilelile la mwenye mji wa Byblos, ambaye Wamisri wenyewe walikwisha kusema kuwa ni Hathor. Wamemletea sadaka kama Wamisri. Wanaona Mmisri anachongewa jina na dua vikakaa milele, na wao vya kwao vinanyamaza. Hieroglifi zilihitaji miaka ya kusomeshwa. Isitoshe, zilikuwa zikisema Kimisri.

Walichofanya kinaelezeka kwa Kiswahili bila shida. Chukua mtu asiyejua kusoma, anayetaka kuandika neno bibi. Anachora bata na kukubaliana na wenzake kwamba picha ya bata isisomwe bata, isomwe sauti yake ya kwanza tu. Bata wawili, b na b: bibi. Kweli, mwingine anaweza kusoma baba, babu au bubu, kwa sababu irabu hazimo. Msomaji atajua kutokana na mahali. Mawimbi ya maji yatakuwa m. Nyumba itakuwa n. Kwa picha zisizofika 30, ameweza kuandika kila neno linalotoka kinywani mwake.

Watu wa Kanaani walizichukua picha kwa Wamisri na sauti wakazitoa katika lugha yao. Kichwa cha ng'ombe, kile kilichokuwa kimejaa kwenye orodha za sadaka, kwao kiliitwa alpu, kikawa alifu. Nyumba iliitwa baytu, ikawa b. Ni neno lilelile lililofika kwetu kwa njia ya Kiarabu likawa ubeti, nyumba ya shairi. Jicho lilikuwa ayn. Maji yalikuwa mem, na kwa bahati njema kwetu pia maji huanza na m. Katika karne zile wenye elimu pengine hawakuona kitu cha maana hapo. Karani aliyefundishwa mamia ya alama angeona mikwaruzo ya vibarua.

Hieroglifi zenyewe ziliendelea kwa miaka mingine zaidi ya 2,000, na mwisho wake pia ulikuwa miguuni pa mungu wa kike. Katika kisiwa cha Philae, karibu na Aswan, Isis aliabudiwa akiwa amevaa pembe na jua la Hathor. Kila siku ya kumi sanamu yake ilivushwa kwa mashua hadi kisiwa jirani cha Biga, kumwagia maziwa kwenye kaburi la mumewe Osiris, palipokuwa na meza za sadaka 365, moja kwa kila siku ya mwaka. Dola ya Roma ilipokuwa imekwisha kuwa ya Kikristo na mahekalu kupigwa marufuku, Philae iliachwa kwa muda kwa sababu makabila ya Nubia yalimshikilia Isis. Tarehe 24 Agosti mwaka 394, kuhani aitwaye Nesmeterakhem alichonga kwenye lango la Hadrian maandishi ya kuandamana na picha ya mungu Mandulis. Hakuna hieroglifi za baada ya hizo zilizopata kuonekana. Katika karne ya 6, kwa amri ya Kaisari Justinian, hekalu lilifungwa, na sehemu yake ikageuzwa kanisa.

Kwa zaidi ya miaka 1,400 mkate wa jiwe ukakosa mtu wa kuutamka, hadi Mfaransa Jean-François Champollion alipotangaza ufunguo wake mwaka 1822.

Serabit ilisubiri zaidi. Mwaka 1905 Mwingereza Flinders Petrie alifika na wachimbuaji wake. Sakafu za hekalu zilikuwa zimejaa vipande vya kauri ya buluu, rangi ya feruzi yenyewe: bangili, mikufu, vibamba vya paka, na vishikio vya kayamba la mkononi ambalo wanawake walilitikisa mbele ya Hathor. Majina ya wafalme yalikuwa juu ya vingi kati ya vipande hivyo. Humo kikapatikana pia kichwa kidogo cha jiwe la kijani cha malkia Tiye, mke wa Amenhotep III, midomo yake imeshuka pembeni kama mtu asiyependa kubishiwa, na jina lake limeandikwa kwenye taji. Na pamoja na hayo yote, Petrie akakuta alama ngeni juu ya mawe machache, yule sfinksi mdogo akiwemo. Aliona kwamba aina za alama ni chache mno kuwa hieroglifi, akakisia kuwa ni alfabeti. Kuisoma hakuweza.

Aliyeweza ni Alan Gardiner, mtaalamu wa Kimisri, katika makala aliyoichapisha mwaka 1916. Alitazama alama nne zilizokuwa zikijirudia kwa mpangilio uleule: nyumba, jicho, mchokoo wa ng'ombe, msalaba. Akazipa sauti za majina yao katika lugha za Kisemiti: b, ayn, l, t. Baalat. Juu ya sfinksi, Mmisri aliandika Hathor begani na Mkanaani akaandika Bibi ubavuni, kila mmoja kwa lugha yake, kumtaja mama yuleyule. Maandishi mawili ya mungu mmoja juu ya jiwe moja ndiyo yaliyotoa ufunguo.

Wataalamu wanabishana hadi leo. Orly Goldwasser wa Israeli anashikilia kwamba wavumbuzi walikuwa wachimbaji wasiojua hieroglifi hata kidogo, ndiyo maana hawakufungwa na kanuni zake. Wengine wanasema lazima awepo mtu aliyesoma. Wapo wanaoyaweka maandishi ya Serabit katika enzi ya Amenemhat III, na wapo wanaoyashusha kwa karne kadhaa. Katika miaka ya 1990 John na Deborah Darnell walikuta maandishi ya aina hiyo huko Wadi el-Hol, jangwani magharibi mwa Nile, kwa hiyo huenda wazo lilizaliwa Misri kwenyewe na kupanda Sinai na misafara. Mwandishi wa makala hii anaona hoja ya Goldwasser ina uzito: aliyekwisha kujifunza alama 700 hana haraka ya kuzitupa. Ila popote lilipozaliwa, wingi wa ushahidi wa mwanzo umetoka mlimani kwa Hathor, ambako maandishi ya namna hiyo yaliyopatikana ni kama 40.

Kutoka huko herufi hizo zilikwenda Foinike, Ugiriki na Roma. Kwa njia nyingine zilipitia Kiaramu na kwa Wanabatea, Waarabu wa jangwani, ambao katika karne za kwanza baada ya Kristo walichora majina yao kwenye miamba ya Wadi Mukattab, katika milima ileile ya Sinai. Hati ya Wanabatea ndiyo iliyozaa hati ya Kiarabu. Mwengo wa Athumani alipotunga Utendi wa Tambuka huko Pate mwaka 1728, uliandikwa kwa herufi hizo, na watoto wa pwani kwa karne nyingi walianza chuoni kwa alifu, be, te: ng'ombe, nyumba, na ile alama ya msalaba. Baadaye tulipochukua herufi za Kirumi tulikuwa tumehamia tawi jingine la mti uleule. M ya leo bado ina mawimbi. A, ukiipindua, bado ina pembe za yule ng'ombe wa sadaka.

Maandishi mengi ya Kikanaani ya Serabit el-Khadim hayajasomeka kwa ukamilifu. Mawe yamelika, na kila mtaalamu ana tafsiri yake ya nani alitoa nini na kwa nini. Neno ambalo karibu wote wanakubaliana nalo ni lile alilolisoma Gardiner, jina la aliyepelekewa sadaka.